Nukta Inang'aa, Risasi Inapaa: Kutafuta Kosa kwenye Vilengeo vya Usiku vya Rivolva Fupi

Mtu ana rivolva fupi (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi tano, na amefungiwa kilengeo cha mbele chenye nukta ya kijani inayong'aa gizani. Mchana, akipiga karatasi kwa umbali wa mita 7, matundu yanakaa pale alipolenga. Usiku, taa zikipunguzwa, matundu yanapanda kwa upana wa kiganja. Kitu cha kwanza kumjia kichwani ni tupa, au nyundo. Aviweke chini kwanza, maana huenda kilengeo hakina kosa lolote.

Mchagua jembe si mkulima, na wapiga shabaha wengi wanaolaumu kilengeo wanapaswa kuulaumu mkono. Lakini kuna majembe yaliyopinda kweli. Kazi ya mwongozo huu ni kutenganisha hayo mawili, na kuongeza la tatu ambalo husahaulika: jicho, ambalo gizani halifanyi kazi kama lifanyavyo mchana.

Neno moja kuhusu majina. Ninaposema kilengeo cha mbele nina maana ya ule ubapa mdogo uliosimama karibu na mdomo wa mtutu. Kilengeo cha nyuma, kwenye rivolva nyingi fupi, si kifaa cha peke yake. Ni mfuo tu uliochongwa kwenye mgongo wa fremu, kile kiunzi cha chuma kinachobeba silinda na mtutu. Rivolva chache zina kilengeo cha nyuma kilichofungwa kwa skrubu, kinachoweza kupandishwa, kushushwa na kusogezwa pembeni. Jua yako ni ya aina gani, kwa sababu nusu ya ushauri unaohusu kurekebisha vilengeo haukuhusu kama una mfuo tu.

Itoe risasi, kisha uhakikishe tena

Fungua silinda, sukuma fimbo ya kutolea maganda, na uhesabu kilichotoka. Kama ni ya tano, ziwe tano. Halafu tazama kila chemba na uipitishe ncha ya kidole, kwa kuwa ganda moja linaweza kubaki chini ya nyota ya kutolea, kile kipande chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda nje. Silinda ikiwa imefungwa, ukiitazama kwa ubavu unaona ukingo wa ganda tu, na ganda tupu lina ukingo uleule wa risasi nzima. Risasi zote ziende chumba kingine kabla hujashika bisibisi. Majaribio kadhaa hapa chini yanafanyika gizani, na gizani si mahali pa kujiuliza kama uliitoa au hukuitoa.

Kwa nini fupi haisamehi

Kuna hesabu moja ya kukariri. Chukua umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, uzidishe kwa kosa uliloliona kwenye karatasi, kisha ugawanye kwa umbali wa karatasi. Jibu ni kiasi ambacho kilengeo kinapaswa kubadilika. Vipimo vyote viwe milimita.

Rivolva yenye mtutu wa karibu milimita 48, mfano Ruger LCR ya risasi aina ya .38 Special, ina takriban milimita 100 kati ya vilengeo. Pima yako kwa rula, usiniamini mimi. Risasi zikipiga milimita 70 juu ya alama kwa mita 7, hesabu ni 100 mara 70, gawanya kwa 7,000. Jibu ni milimita 1. Unene wa kucha tu, na risasi imehama sentimita saba. Rivolva ndefu yenye milimita 200 kati ya vilengeo ingehama milimita 35 kwa kosa hilohilo. Kwa mita 15, ile fupi inakosea milimita 150.

Ndiyo maana mtu anayepiga tupa mara nne "kidogo tu" hujikuta amepita. Kilengeo kikishachongwa hakiwezi kurudishiwa chuma.

Kundi kwanza, rekebisho baadaye

Tundu moja si ushahidi wa chochote. Piga risasi tano kwenye karatasi moja, badilisha karatasi, tano tena, kisha tano za mwisho. Kaa kwenye meza na uegemeze viganja juu ya mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe usiguse kitu, kwa sababu ukiulaza juu ya kitu kigumu utaruka tofauti na unavyoruka mkononi. Vidole vikae mbali na mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, maana moto na vipande vya risasi hutokea hapo. Risasi ziwe za aina moja.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tia alama kwenye chemba kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 5, na uandike kila tundu limetoka chemba ipi. Kama chemba ya 3 inatupa risasi nje ya kundi katika karatasi zote tatu, hakuna kilengeo duniani kitakachotibu hilo. Silinda haisimami sawasawa na mtutu, au chemba yenyewe ina kasoro. Ukiona pia bastola inatema vipande vya risasi pembeni, acha kupiga na uipeleke kwa fundi wa silaha.

Kama matundu yametawanyika ukurasa mzima bila mpangilio, usiguse kilengeo. Kilengeo huhamisha kundi. Hakikusanyi.

Mchana sawa, usiku juu

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina sababu mbili ambazo mara nyingi huja pamoja.

Ya kwanza ni kwamba mchana na usiku hulengi kwa sehemu moja ya kilengeo. Mchana jicho linaona ukingo wa juu wa ubapa. Unaulinganisha na ukingo wa juu wa mfuo wa nyuma, unauweka kwenye alama, unapiga. Usiku ukingo huo haupo, umemezwa na giza. Kinachoonekana ni nukta, na nukta iko chini ya ukingo. Unapoiweka nukta juu ya alama, ni sawa na kupiga kwa kilengeo kifupi zaidi, na kilengeo kifupi cha mbele hupandisha risasi.

Pima mwenyewe: kutoka ukingo wa juu wa ubapa hadi katikati ya nukta ni kiasi gani? Tuseme milimita 1.5. Zidisha kwa 7,000, gawanya kwa 100. Unapata milimita 105. Huo ndio upana wa kiganja tuliouanzia. Bastola haina kosa na mkono hauna kosa. Kuna shabaha mbili ndani ya kilengeo kimoja, moja ya mchana na moja ya usiku, na hakuna aliyemwambia mwenyewe.

Njia za kutoka ni tatu. Unaweza kubaki na ukingo kwa mchana, na usiku ukaiweka nukta chini ya pale unapotaka kupiga, kwa kiasi ulichokokotoa. Inawezekana, lakini inakutaka ufanye hesabu wakati usiofaa. Unaweza kutafuta kilengeo ambacho nukta yake imekaa karibu zaidi na ukingo wa juu, ili tofauti ipungue. Au unaamua kwamba nukta ndiyo shabaha, mchana na usiku, na unafunga kilengeo kirefu zaidi kwa zile milimita 1.5 ili risasi iende nukta ilipo. Mimi huchagua hii ya mwisho, kwa sharti kwamba nukta imezungushiwa duara jeupe au la rangi ya machungwa ili ionekane kwenye jua. Bila duara hilo mchana utarudi kulenga kwa ukingo bila kujua, na sasa utapiga milimita 105 chini.

Sababu ya pili ni ngumu kuikubali kwa sababu inahusu mwili. Mfuo wa nyuma hauna nukta. Gizani unaona nukta moja ikielea, na huna kitu cha kuilinganisha nayo. Mtu anayetafuta nukta huinua mdomo wa mtutu mpaka aione, kisha husimama hapohapo. Nukta inaonekana vizuri kabisa, lakini imekaa juu ya mfuo wa nyuma badala ya kukaa ndani yake. Hapo risasi inapaa, na kiasi chake hubadilika kila unapoinua bastola.

Kujua kama hili linakuhusu, huhitaji kupiga risasi hata moja. Bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, simama katika chumba chenye giza, elekeza mtutu kwenye ukuta usioweza kupitisha risasi, na uilete nukta juu ya alama ambayo taa hafifu inaimulika. Usisogee. Mwenzako awashe taa. Sasa tazama: nukta iko ndani ya mfuo, au imeruka juu yake? Rudia mara kumi. Ukiiona juu mara saba au nane, umepata jibu, na jibu hilo haliko kwenye bisibisi. Sogeza kiganja juu zaidi kwenye mpini, funga kifundo cha mkono, na urudie zoezi hilohilo mpaka nukta ijiweke yenyewe. Wengine hupaka vidoa viwili vya rangi inayohifadhi mwanga pande zote mbili za mfuo wa nyuma. Vinasaidia, ila rangi hiyo hufifia saa chache baada ya kutoka kwenye mwanga, kwa hiyo usiitegemee kwa bastola inayolala sandukuni.

Jinsi ya kutofautisha sababu hizi mbili: ile ya kwanza huhamisha kundi zima juu likiwa limekusanyika vilevile. Ya pili hulirefusha kundi kuelekea juu, kama mtu aliyemwaga mbegu kwenye mstari.

Juu au chini, mchana na usiku

Kosa likiwa lilelile bila kujali mwanga, anza na risasi.

Rivolva ina tabia ambayo humshangaza aliyezoea bunduki. Baruti ikiwaka, bastola huanza kupiga teke na mdomo wa mtutu huanza kupanda wakati risasi bado iko ndani. Kwa hiyo watengenezaji husimamisha kilengeo cha mbele kirefu, mtutu ukawa umeinama kidogo chini ya mstari wa jicho, ili risasi itoke wakati mtutu umepanda kiasi kinachotakiwa. Risasi nzito na ya polepole hukaa ndani muda mrefu zaidi na hutoka mtutu ukiwa juu. Nyepesi na ya kasi hutoka mapema, ikiwa bado chini.

Katika .38 Special uzito wa kawaida wa zamani ni greni 158, karibu gramu 10.2. Siku hizi watu hununua greni 125 au 110, yaani gramu 8.1 au 7.1, kisha hushangaa kwa nini bastola "imeanza" kupiga chini. Haijaanza kitu. Wamebadilisha risasi. Jaribu pakiti ya uzito mwingine kabla ya kugusa chuma. Kuanguka kwa risasi kwa sababu ya mvutano wa dunia si hoja hapa: kwa mita 7, kwa mwendo wa mita 250 kwa sekunde, ni chini ya milimita 5.

Kama umechagua risasi utakayobaki nayo na kosa bado lipo, kanuni ni hii: kilengeo cha mbele hufuata kosa. Risasi zikipiga juu, kilengeo cha mbele kiwe kirefu zaidi. Zikipiga chini, kiwe kifupi. Kilengeo cha nyuma hufanya kinyume, kinakwenda kule unakotaka risasi iende. Ukichanganya mistari hii miwili, kila rekebisho litaongeza kosa mara mbili.

Kwa kilengeo cha kawaida cha chuma, kufupisha ni kazi ya tupa na subira. Kwa chenye nukta ya tritiamu, gesi inayoifanya nukta ing'ae yenyewe gizani, usichonge. Nukta ni kichupa cha kioo kilichofukiwa ndani ya chuma, na tupa ikikikaribia kinaweza kupasuka. Nunua kilengeo cha urefu unaotakiwa kulingana na ile hesabu.

Na kabla ya kununua, mwache mtu mwingine apige. Kifyatulio cha rivolva fupi kinahitaji nguvu nyingi, mara nyingi kilo 4.5 hadi 5.5, na bastola yenyewe haifikii hata nusu kilo katika matoleo mepesi. Kidole kinavuta uzito mara kumi kuliko kile kinachoshikwa. Anayeogopa teke huusukuma mkono chini sekunde ile ile ya kufyatua, na matundu yakaenda chini. Kulithibitisha ni rahisi: mwenzako aweke risasi tatu na maganda mawili matupu bila wewe kuona mpangilio, afunge silinda, akupe. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mdomo wa mtutu ukadidimia mbele ya macho ya wote, tatizo limejitaja jina.

Kushoto au kulia

Anayepiga kwa mkono wa kulia na matundu yake yakaenda kushoto, hasa kushoto chini, ajitilie shaka yeye kwanza. Mbadilishane na anayetumia mkono wa kushoto. Kosa likihamia upande wa pili, ni la mkono. Likibaki palepale kwa wote wawili, tena bastola ikiwa kwenye mfuko wa mchanga, ni la chuma.

Shikilia bastola mbele yako, mdomo wa mtutu ukiwa mbali nawe na silinda ikiwa wazi, na utazame mstari wa mgongo wa fremu. Kilengeo cha mbele kinasimama wima, au kimeegemea upande kama mlingoti uliochoka? Kwenye rivolva mtutu hufungwa kwa nyuzi, na ukizungushwa zaidi au pungufu kidogo kiwandani, kilengeo kinaegemea. Kilichoegemea kushoto kinahesabika kuwa kimekwenda kushoto, na risasi itakwenda kulia. Dawa ni fundi mwenye kifaa cha kuubana mtutu na fremu bila kuipinda. Usijaribu kwa jiliwa na kipande cha mbao. Fremu ya alumini haivumilii.

Kuna njia nyingine ya fundi, ya kupanua mfuo wa nyuma upande mmoja: risasi zikipiga kushoto, chuma huondolewa upande wa kulia ili katikati ya mfuo ihamie kulia. Ni kazi isiyorudi nyuma. Siipendi kwa bastola ya usiku, kwa sababu mfuo mpana huacha nafasi zaidi ya nukta kuyumba.

Kisa kingine ni cha jua, na hukoma lenyewe. Mwanga ukitoka kushoto, upande wa kushoto wa ubapa unang'aa na wa kulia unakuwa kivuli. Jicho linaweka katikati kile linachokiona, yaani nusu inayong'aa, na ubapa mzima unakuwa umesogea kulia. Risasi zinakimbia mwanga. Geuza upande wa kupigia, au paka ubapa masizi meusi. Kama kundi limerudi katikati, umeokoa fedha za fundi.

Rekebisho halikai

Leo sawa, wiki ijayo kulia, baadaye juu. Hapa kuna kitu kimelegea. Shika kilengeo cha mbele kwa kidole gumba na cha shahada, ukisukume kulia na kushoto. Hakitakiwi kusogea hata kidogo. Kwenye rivolva nyingi kinashikiliwa na pini moja nyembamba iliyopita kwenye mtutu au ganda lake. Pini hutoka kidogo kidogo kwa mtikisiko. Ukiona kichwa chake kimejitokeza upande mmoja, irudishe. Ikirudi kwa urahisi mno, weka mpya, usiinyooshe ya zamani.

Kilengeo cha nyuma cha skrubu kina visa vyake. Skrubu moja ni ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, na kwa kawaida kuna alama ya mshale inayoonyesha risasi itahamia wapi. Kabla ya kuanza, funga skrubu ya juu na chini taratibu mpaka mwisho, ukihesabu mizunguko, kisha irudishe ilipokuwa na uandike namba hiyo. Ukipotea utakuwa na mahali pa kurudi. Nyuzi zina mwanya, kwa hiyo mwisho wa kila rekebisho uwe katika mwelekeo mmoja: ukitaka kurudi nyuma nusu mzunguko, rudi mzima, kisha songa mbele nusu. Skrubu inayozunguka bila kilengeo kusogea imevunjika springi chini yake, au uchafu umeijaza.

Gundi ya skrubu iwe ile ya bluu, inayofunguka kwa bisibisi. Nyekundu huhitaji moto kuifungua, na moto na kichupa cha tritiamu havipatani.

Nukta yenyewe: imefifia, imezima, au ina miale

Kwanza isafishe. Mtutu mfupi hutema masizi karibu kabisa na kilengeo. Pamba ya kijiti, maji na sabuni laini vinatosha. Usiitumbukize kwenye vimumunyisho vikali wala kwenye mashine ya kusafishia kwa mtikisiko wa sauti, maana vinaweza kulegeza kile kinachoshikilia kichupa.

Ikiwa safi na bado hafifu, uliza umri wake. Ndani ya kichupa kuna gesi ya tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mnururisho, na kuta za ndani zimepakwa unga unaong'aa unapopigwa na elektroni zake. Kila baada ya miaka 12.3 nusu ya gesi inakuwa imeoza. Baada ya karibu miaka 25 imebaki robo, na unga nao umechoka. Hakuna cha kuchaji wala betri ya kubadilisha. Kinachobadilishwa ni kilengeo.

Lakini jicho nalo lipewe haki yake. Kuzoea giza huchukua dakika 20 hadi 30. Anayetoka kwenye jua, akaingia kabatini na kusema "imekufa", hajaipima. Na ukiwa na nukta za rangi mbili, ya kijani itaonekana kali kuliko ya machungwa, kwa kuwa jicho lililozoea giza huona vizuri zaidi karibu na kijani.

Nukta moja ikizima ghafla wakati nyingine zinang'aa, huo si uzee. Kichupa kimevuja au kimepasuka. Fungua madirisha, usiguse mdomo wala chakula, nawa mikono kwa sabuni. Elektroni za tritiamu ni dhaifu kiasi kwamba haziwezi kupenya ngozi. Kinachoepukwa ni kuivuta au kuimeza. Kilengeo hicho kisitupwe kwenye taka za nyumbani. Nchi nyingi zina sheria ya vitu vyenye mnururisho, na kumrudishia mtengenezaji ndiyo njia ya kawaida.

Kuna wanaosema nukta ina miale kama nyota, au ni mbili. Inamisha kichwa pembeni huku bastola ikibaki wima. Miale ikizunguka pamoja na kichwa, iko machoni mwako. Tazama nukta kupitia tundu la sindano kwenye kadi: ikiwa duara safi, nenda kwa daktari wa macho. Gizani mboni hupanuka, na kasoro ndogo ya jicho isiyosumbua mchana hujitokeza.

Kama kilengeo chako cha nyuma kina nukta mbili na zinang'aa kuliko ya mbele, jicho litakwama nyuma. Zipunguze kwa wino mweusi wa kalamu, kidogo kidogo, mpaka ya mbele ishinde. Wino hutoka ukikosea.

Na tochi? Ukiwasha tochi nyuma ya vilengeo nukta inapotea, na unabaki na kivuli cha ubapa mbele ya mwanga. Hilo si kosa. Nukta ni ya ile hali ya katikati, ambapo lengo linaonekana lakini vilengeo havionekani. Haimuliki kitu mbele yako. Na usichokitambua kwa macho hakipigwi, hata nukta ing'ae namna gani.

Ukibadilisha kilengeo cha mbele

Pini isukumwe kwa chuma chembamba cha kusukumia chenye unene wake, fremu ikiwa imelazwa juu ya mbao au nailoni. Kilengeo kinachoingia kwa ubavu kwenye mfuo wa mshazari kisukumwe kwa kifaa cha kubana au kwa fimbo ya shaba, ukigusa chini kabisa kwenye mguu wake na kamwe si karibu na nukta. Kabla hujakitoa cha zamani, chora mstari mwembamba unaopita kwenye kilengeo na mtutu kwa pamoja, upate kumbukumbu ya kilipokuwa.

Vilengeo vya badala mara nyingi huja na tundu la pini dogo au halijatobolewa kabisa, na pini isiyoingia si pini ya kupigwa kwa nguvu. Hapo mpe fundi. Pini ikishakaa, piga risasi tano za mchana, tazama kama imesogea, piga kumi zaidi. Halafu rudi kwenye chumba cha giza, bastola tupu, mwenzako akiwa kwenye swichi ya taa.